Machozi Mbele ya Televisheni: Hikaya za Mapenzi Majumbani Mwetu, Tangu Zamani Hata Leo



Baada ya sala ya Isha, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishakaa mkekani, televisheni huwashwa. Tamthilia imefika pale palipokuwa pakingojwa tangu jana. Kijana na binti wamekutana mlangoni baada ya kutengana muda mrefu. Hawasemi neno, wanatazamana tu, na muziki unapanda. Hapo baba hukohoa, akakumbuka kuwa ana jambo la kumwambia jirani, akatoka nje. Mama huinamisha uso akajishughulisha na mtandio wake, lakini jicho moja liko kwenye kioo. Binti mkubwa hunyoosha mkono kutafuta kitufe cha kubadilisha, ila mkono wenyewe hauna haraka. Mtoto mdogo peke yake ndiye anayeuliza, "Mama, mbona wanalia?" Wala hapana anayemjibu.

Swali la mtoto huyo ndilo tunalotaka kulitazama leo. Wako miongoni mwetu wanaosema kuwa televisheni ni fitina, wakamaliza maneno. Wako na wanaosema kuwa ni mchezo tu, hauna neno. Majibu yote mawili ni mepesi, na yote mawili yanamkwepa mtoto aliyeuliza. Mtu mzima mwenye akili zake anajua kuwa wale ni waigizaji wanaolipwa, na kwamba machozi yao yatafutwa mara kamera ikizimwa. Kwa nini basi moyo wake unamwenda mbio? Ameona nini pale ambacho hakukiona kwengine? Ili tujibu kwa uadilifu, yatupasa turudi nyuma, kwani hikaya za mapenzi hazikuja na umeme.

KISA CHA NJIA ZA MADINA

Katika Sahihi ya Bukhari kimo kisa cha Barira na Mughith. Barira alikuwa mjakazi, na Mughith, naye mtumwa, alikuwa mumewe. Bibi Aisha (r.a.) akamnunua Barira na kumwacha huru. Alipopata uhuru wake, sharia ilimpa hiari: akipenda abaki na mumewe, akipenda aachane naye. Barira akachagua kuachana.

Ibn Abbas (r.a.) anasimulia kwamba ni kama anamwona Mughith akimfuata Barira nyuma katika njia za Madina, analia, na machozi yanatiririka juu ya ndevu zake. Mtume (s.a.w.) akamwambia ami yake Abbas kuwa ni jambo la ajabu namna Mughith anavyompenda Barira, na namna Barira anavyomchukia Mughith. Kisha akamwendea Barira, akamwambia lau angemrudia mumewe. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa si amri, yeye anaombea tu. Barira akasema kuwa basi hana haja naye. Mambo yakaishia hapo.

Tukizingatie kisa hiki, kwani kina mambo mengi kuliko tamthilia ya sehemu mia. Kwanza, Mtume wa Mwenyezi Mungu hakumcheka mwanamume anayelia njiani kwa ajili ya mwanamke, wala hakumkemea. Alimhurumia, akamsemea. Pili, hakulazimisha. Mbora wa viumbe alipoombea na mwanamke aliyekuwa mtumwa jana akakataa, kukataa kwake kuliheshimiwa. Tatu, masahaba walikihifadhi kisa hiki na kukipokeza, na wanazuoni wakakitia katika vitabu vya elimu bila ya kuona haya. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa Uislamu haukujua mapenzi, au kwamba moyo wenye kupenda ni moyo wenye kasoro.

Na Qurani yenyewe, katika Surat Yusuf, inatusimulia habari ya mke wa Azizi, na sura hiyo inaitaja simulizi yake kuwa ni miongoni mwa zilizo bora kabisa. Humo mna tamaa, mna milango iliyofungwa, mna kanzu iliyochanwa. Lakini msomaji hakuvuliwa staha hata kidogo. Yaliyohitaji kujulikana yamejulikana, na yaliyostahili kusitiriwa yamesitiriwa.

MILANGO YA IBN HAZM

Waarabu wa jangwani walikuwa na visa vya wapenzi wao, na mashuhuri kuliko vyote ni cha Qays wa kabila la Banu Amir, aliyeitwa Majnun kwa ajili ya Layla. Kisa chenyewe kinanasibishwa na karne ya kwanza ya Hijra, japokuwa wako wanazuoni wa zamani waliotia shaka kama mtu huyo aliishi kweli. Kisa kikasafiri. Mwaka 1188 mshairi Nizami wa Ganja alikitunga kwa Kiajemi, na kutoka hapo kikaenea Uturuki na Bara Hindi. Sababu ya kupendwa kwake ni moja: Qays na Layla hawakupatana. Kila aliyekisikia alibaki na kiu.

Mtu aliyeichunguza kiu hiyo kwa jicho la elimu ni Ibn Hazm wa Andalusia, aliyezaliwa Cordoba mwaka 994. Huyu alikuwa faqihi mkubwa, mtu wa hoja kali, si mtu wa mzaha. Naye aliandika kitabu kizima juu ya mapenzi, kinachoitwa Tawq al-Hamama, yaani Kidani cha Njiwa. Amekigawa milango thelathini. Upo mlango wa alama za mapenzi, upo wa anayependa kwa mtazamo mmoja, wa ishara za macho, wa barua, wa mjumbe, wa mlinzi anayewachunga wapenzi, wa mfitini, wa kutengana, na wa kusahau.

Chukua orodha hiyo, ndugu msomaji, uiweke kando ya tamthilia yoyote inayoonyeshwa usiku huu. Utamkuta shoga anayepeleka salamu, utamkuta shangazi anayechungulia dirishani, utamkuta mfitini aliyeiba barua, na leo barua yenyewe ni simu. Watungaji wa siku hizi hawakuzua kitu. Lakini iko tofauti moja, nayo ni kubwa. Ibn Hazm alikimaliza kitabu chake kwa milango miwili: mmoja juu ya ubaya wa maasia, na mmoja juu ya ubora wa kujizuia. Milango hii miwili ndiyo iliyokatwa njiani kabla ya hikaya kufika kwenye kioo.

SENEMA ZA KIHINDI PWANI YETU

Wazee wetu waliikuta hikaya ya mapenzi kwenye senema. Mjini Unguja na Mombasa, miaka ya 1950 na 1960, filamu za Kihindi zilijaza nyumba za senema. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, bado inatajwa na walioiona wakiwa vijana. Yalikuwako maonyesho ya wanawake watupu, wakaenda mabibi na mabuibui yao, wakalia pamoja, wakarudi majumbani kabla ya magharibi. Nyimbo zikawaingia. Mjini Mombasa marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alipata jina kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Na mwaka 1976 Wahindi walitoa filamu ya Laila Majnu, hivyo Qays wa jangwani akawa anazungumza Kihindi na Kiurdu.

Kwa nini filamu hizo zilitukaa? Kwa sababu nyumba zilizoonyeshwa mle zilifanana na zetu. Walikuwemo mama mkwe, ami mwenye amri, mahari, na heshima ya ukoo. Zaidi ya hayo, zilikuwa na haya. Katika filamu za wakati ule wapenzi hawakubusiana. Walikaribiana, kisha wakaimba, au mmoja akageuza uso. Mtazamaji aliyalia macho, si miili.

Kisha senema ikaingia ndani. Kenya ilianza kuwa na televisheni mwaka 1962, Zanzibar ikapata yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikangoja mpaka 1994. Baadaye yakaja madishi juu ya mapaa, nayo yakaleta Cairo, Dubai na Bombay sebuleni. Yaliyokuwa yakionwa na mabibi peke yao, mchana, kwa tikiti, sasa yanaonwa na baba, mkwe, binti na mtoto wa miaka sita, wote juu ya mkeka mmoja. Kikohozi cha baba kimezaliwa hapo.

NUR NA MUHANNAD

Tuje kwenye jambo lililotokea mwaka 1429 Hijria, yaani 2008, ambalo linafaa kuwa somo kwetu. Waturuki walikuwa wametengeneza tamthilia iitwayo Gümüş, iliyoonyeshwa kwao kati ya 2005 na 2007. Kituo cha Kiarabu cha MBC kikaichukua, kikaitia sauti za Kiarabu, kikaiita Nur. Yule mume, jina lake la Kituruki ni Mehmet, akaitwa Muhannad. Sehemu ya mwisho ilipoonyeshwa tarehe 30 Agosti 2008, kituo chenyewe kilidai kuwa watu wapatao milioni 85 wa nchi za Kiarabu waliitazama, na zaidi ya milioni 50 kati yao walikuwa wanawake. Watoto waliozaliwa wakaitwa Nur na Muhannad. Watalii wa Kiarabu wakaenda Istanbul kuitazama nyumba ya kando ya Bosphorus iliyotumika katika mchezo.

Wanazuoni walisimama. Julai ya mwaka huo Mufti Mkuu wa Saudia wa wakati ule, Sheikh Abdulaziz Al al-Sheikh, aliikemea tamthilia hiyo kwa maneno makali, na hakukosa sababu. Mlikuwamo pombe mezani, na uhusiano wa nje ya ndoa, vikionyeshwa kama mambo ya kawaida katika nyumba inayojiita ya Waislamu. Pamoja na hayo mamilioni waliendelea kutazama. Na magazeti ya Kiarabu yakaandika habari za magomvi ya mume na mke, hata za talaka, kwa sababu ya Muhannad.

Sasa tuulize kama alivyouliza yule mtoto: walikuwa wanalilia nini?

Tazameni kisa chenyewe. Nur ni msichana wa kijijini aliyempenda Muhannad tangu utotoni. Muhannad amefiwa na aliyempenda, au ndivyo anavyodhani, na moyo wake umevunjika. Babu yake, mzee wa nyumba, anamwoza Nur. Kijana anaoa kwa kumtii babu. Mapenzi yanakuja baadaye, pole pole, ndani ya ndoa. Hiki si kisa cha binti aliyetoroka na mwanamume. Ni kisa cha ndoa iliyopangwa na wazee, kama zilivyokuwa nyingi za mama zetu, ambamo siku moja mume anamgeukia mke wake na kumwona. Tena mume huyo anamsikiliza mkewe, anamtia moyo katika kazi yake, anaomba radhi akikosa, na anakumbuka yanayomfurahisha.

Hapo ndipo palipowashika wanawake wa Riyadh, Cairo na Casablanca. Walimwona mume anayesema neno jema nyumbani mwake. Na walilisikia neno hilo kwa lugha ya nyumbani. Tamthilia za Meksiko zilizotangulia, miaka ya 1990, zilitiwa Kiarabu fasihi, Kiarabu cha vitabu na hutuba. Hii ilitiwa Kiarabu cha Shamu, kama watu wanavyosemezana jikoni. Sisi wa pwani tunalijua jambo hilo, kwani vituo vya kwetu navyo vimeonyesha tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na tumeona mama zetu wakizungumza na kioo kana kwamba wanamjibu jirani.

NAMNA DAKIKA INAVYOFANYWA

Yafaa pia tujue ufundi wenyewe, kwani anayeujua mtego hanaswi upesi. Dakika ile ya kutazamana haikuja kwa bahati. Imecheleweshwa kwa makusudi siku nyingi. Kila walipotaka kusemezana, mtu aligonga mlango. Kamera inakaa usoni muda mrefu kuliko sisi tunavyomtazama yeyote katika maisha yetu. Mwendo unapunguzwa, na muziki unaambia moyo la kufanya kabla akili haijafika. Kisha, mara neno linapotaka kutoka, sehemu inakwisha. Shahrazad wa Alfu Lela U Lela alifanya hivyo hivyo, akinyamaza alfajiri ili aachwe hai mpaka usiku mwengine. Yeye alikuwa akiokoa roho yake. Kituo cha televisheni kinauza matangazo ya sabuni.

Tena liko neno ambalo halionyeshwi. Katika dakika ile hapana mtoto anayelia kwa homa, hapana kodi ya nyumba, hapana mume aliyesimama juani kutwa bandarini. Mwigizaji amepewa maneno na mtungaji, akayarudia mpaka yakanyooka. Mke anayempima mumewe kwa kipimo hicho anamdhulumu, na mume anayempima mkewe kwa yule binti aliyepambwa na mafundi anamdhulumu zaidi. Ugonjwa wa kwanza wa tamthilia ni huu wa kulinganisha, na madhara yake ni kufanya halali iliyomo nyumbani ionekane haina ladha.

Ugonjwa wa pili tumeuona kwa Barira. Tamthilia nyingi hutufunza kuwa mwanamke akisema hapana, dawa ni kumfuata mpaka achoke akubali, na huko kumfuata kunaitwa mapenzi. Vijana wetu wa kiume wanalisoma somo hilo barabarani, na mabinti zetu ndio wanaolipata taabu. Katika Madina neno "hapana" la mwanamke lilimaliza maneno, ijapokuwa mwanamume alikuwa analia kweli.

Ugonjwa wa tatu ni wa macho. Surat Nur, katika aya ya 30, inawaamrisha wanaume kuinamisha macho yao, kisha katika aya ya 31 inawaamrisha wanawake. Wanaume wametangulizwa. Basi baba anayewafokea mabinti zake kwa tamthilia, naye usiku wa manane amekaa peke yake na simu yake, ajue kuwa aya ilianza na yeye.

NENO LILILOKOSEKANA

Je, tuzime tu? Palipo na uchi na pombe na kudharauliwa dini, tuzime bila ya kusita. Lakini kuzima si kujibu. Mama akiisha kuzima, kiu yake bado anayo.

Pwani yetu ilikuwa na elimu ya jambo hili. Karibu na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mashuhuri, akamfunza namna ya kumliwaza mume, hata kumpepea anapolala. Mabinti wengi wamelelewa kwa utendi huo. Lakini nani aliwafunza wana wa kiume? Wengi wetu tumekua tukidhani kuwa mume mwenye haiba ni yule asiyecheka na mkewe, anayeingia nyumba ikanyamaza.

Hiyo si sunna. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akamshinda. Kisha, baada ya muda, wakashindana tena, na Mtume (s.a.w.) akashinda, akamtania kuwa sasa wamelipana. Amesimulia kuwa alikuwa akinywa, na Mtume (s.a.w.) akipokea chombo akaweka kinywa chake pale pale alipoweka yeye. Na katika Surat Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ameyataja mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni katika ishara zake, katika aya zile zile zinazotaja kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Je, ishara ya Mwenyezi Mungu tuwaachie waigizaji watuonyeshe?

Tumalizie kwa habari moja, nayo ni ya kutazama mchezo. Siku ya Idi, Mahabushia walikuwa wakicheza kwa mikuki yao katika msikiti wa Madina. Bibi Aisha alikuwa na umri mdogo, akapenda kuwatazama. Mtume (s.a.w.) akasimama mlangoni, akamsitiri kwa shuka yake, naye akatazama nyuma ya bega la mumewe, shavu kwa shavu. Mtume (s.a.w.) hakumharakisha. Alisimama hivyo mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipochoka. Bukhari na Muslim wamelipokea hilo. Yeye aliyekuwa na umma mzima mabegani mwake alipata nafasi ya kusimama kwa ajili ya furaha ya mkewe, wala hakukohoa akatoka nje.

Basi, ewe baba, usiku wa leo tamthilia ikianza, usitoke. Kaa na watu wako. Lisilofaa lizime kwa upole na uwaambie sababu. Linalofaa litazame nao, na mtoto akiuliza kwa nini wanalia, mjibu: wanalia kwa sababu mtu mmoja ameambiwa neno jema baada ya kulingoja muda mrefu. Kisha, taa zikizimwa, mwangalie mama yao aliyekupikia miaka ishirini, na umwambie wewe neno hilo. Litakuwa halina muziki, na huenda ulimi ukakwama. Lakini litakuwa la kweli, na lina thawabu.

Wabillahi tawfiq.